Siku Moja Ghalani: Gundi, Siagi ya Shea na Mnunuzi Asiyeridhika

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ninabandika chai, kisha ninasoma ujumbe ulioingia usiku. Leo kuna mmoja kutoka Lira, kaskazini mwa Uganda, unaosema kwamba lori la siagi ya shea, mafuta yanayokamuliwa kutoka kokwa za mti wa shea, limevuka mpaka wa Malaba, na mwingine wa wakala wangu wa forodha unaosema kwamba "kuna kitu kidogo" kuhusu kontena lililoko bandari kavu ya Embakasi. Aliyewahi kuagiza mzigo anajua kwamba kitu kidogo cha wakala wa forodha hakijawahi kuwa kidogo.

Kazi yangu ni kuagiza mali ghafi za mashambani na misituni kutoka nchi nyingine za Afrika na kuviuzia viwanda vya Nairobi na Thika: gundi ya mgunga kutoka Sudan, ambayo viwandani huitwa gamu arabiki, siagi ya shea kutoka Uganda, na karafuu za Zanzibar msimu unapokuwa mzuri. Majirani wangu wa Donholm huniita dalali, na shemeji yangu mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya wageni kama kweli yupo mtu mwenye akili timamu anayelipia gundi ya mti. Nilimwonyesha chupa ya soda aliyokuwa ameishika. Mafuta yanayoipa soda ladha ya machungwa hayapatani na maji, na mara nyingi gundi hii ndiyo inayoyazuia yasijitenge na kuelea shingoni mwa chupa. Ndiyo pia inayozipa peremende ganda gumu linalong'aa, inayoshikanisha unga wa vidonge vya dawa, na inayoingia katika wino na katika rangi za maji za wachoraji. Kwenye orodha ya viambato huandikwa E414, na wengi huila bila kujua.

Saa moja nipo ghalani, Eneo la Viwanda, hatua chache kutoka Barabara ya Lunga Lunga. Kufungua milango, kuhesabu magunia, kukagua mitego ya panya na kuandika daftari la unyevu ni mambo yanayokwisha kabla ya saa mbili, na hayana la kusimuliwa.

Saa mbili unusu akaingia afisa ununuzi wa kiwanda kimoja cha peremende, mgeni katika nafasi yake, akiwa na simu mkononi na picha ndani ya simu. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye magunia ya gundi aliyokuwa ameyalipia nusu, akafungua la kwanza, akachota kiganja kizima, akayalinganisha madonge na picha yake.

"Madam, mmenichanganyia mali," akasema. "Haya meupe ni kitu kimoja, haya ya rangi ya asali ni kitu kingine."

Ni haki yake kuuliza, kwa maana udanganyifu wa aina hiyo upo. Wafanyabiashara wa Sudan hutenganisha gundi mbili. Ya kwanza ni hashab, inayotoka kwenye mgunga ambao wataalamu huuita Senegalia senegal, na ya pili ni talha, inayotoka kwenye Vachellia seyal. Hashab ni ghali zaidi kwa sababu inashika mafuta vizuri zaidi ndani ya maji, na muuzaji asiye mwaminifu hutia talha katikati ya gunia na kuifunika kwa hashab juu na chini. Lakini rangi peke yake si hakimu wa jambo hilo, kwani mti huo huo mmoja hutoa madonge meupe na madonge ya kahawia.

Nilimweleza hayo kwa utulivu. Akanionyesha picha tena.

Nilichukua donge la hashab lenye ukubwa wa yai la kwale, nikaliweka juu ya bati na kuligonga kwa nyundo ndogo. Kwa nje lilikuwa limefifia na limejaa nyufa nyembamba kama ngozi ya kisigino, ila ndani lilikuwa angavu, kingo zake zikiwa kali kiasi cha kukata kidole. Kisha nikagonga donge la talha ninaloliweka kwenye mtungi kwa ajili ya siku kama hii. Lilisagika mara moja likawa vipande vidogo na vumbi. Akatazama yote mawili, akanyamaza kidogo, nikadhani tumemaliza. Akauliza, "Nitajuaje kwamba talha hiyo hukuichagua mbovu makusudi?"

Tukahamia kwenye maji. Nilipima gramu ishirini za gundi kutoka gunia alilolichagua yeye mwenyewe, nikazitia katika bilauri yenye maji vuguvugu, nikampa kijiko akoroge. Gundi hii haina haraka. Ukiitia maji mengi ya moto kwa pupa huganda kuwa bonge linalong'ang'ania kijiko, lakini ukiistahimili huyeyuka karibu yote, na maji hubaki mepesi hata ukiongeza gundi nyingi, jambo ambalo wanga hauwezi kulifanya. Alikoroga, akapumzika, akapokea simu, akakoroga tena. Chini ya bilauri zilibaki punje chache za mchanga na kijiganda cha gome. Akalishika kijiganda hicho kwa ncha ya kijiko kana kwamba amenasa mwizi.

"Na huu uchafu?"

Nilimwambia kwamba gundi hii huvunwa mtini, tena kwa mkono. Mvua zikiisha, wavunaji wa Kordofan, huko Sudan, hubandua ukanda mwembamba wa gome kwa chombo chenye mpini mrefu wanachokiita sunki, huuacha mti kwa wiki kadhaa hadi jeraha litoe madonge, kisha hupita kuyakusanya mti kwa mti na kurudia mara kadhaa katika msimu. Gome kidogo na mchanga kidogo havikosi kufuatana nayo, na ndiyo maana mkataba wetu unataja kiwango cha takataka kinachoruhusiwa. Nikaufungua mkataba. Hakuwa ameusoma.

Saa tano ikapita. Aliuliza pia swali ambalo huulizwa na kila mtu, kwamba kwa nini ninahangaika na Sudan ilhali migunga imejaa Turkana, Samburu, Marsabit na Isiolo. Huko ninanunua, na ninanunua kwa furaha, ila wakusanyaji wengi wa kwetu huokota gundi inayojitokeza yenyewe pale mti ulipoumizwa na wadudu au mifugo, kwa hiyo kiasi ni kidogo na mara nyingi aina huja zimechanganyika. Sudan ndiyo mzalishaji mkuu duniani. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara mwaka 1997, gundi hii iliachwa nje ya vikwazo kwa sababu viwanda vyake viliihitaji. Tangu vita vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, kila gunia linalofika kwangu limepita njia ndefu na ya gharama. El Obeid, mji wenye soko kubwa la gundi, ulizingirwa hadi Februari 2025. Ninapotaja bei, ndani yake kuna safari hiyo, na mnunuzi anayedhani nimepandisha kwa tamaa huniudhi kuliko yule anayenipunja kwenye mizani.

Mwishowe tulikubaliana kwamba nipeleke sampuli maabara. Hapo hapana ubishi wa macho: mmumunyo wa gundi huwekwa katika kifaa kiitwacho polarimita, na mwanga unaopita ndani yake ukipindia kushoto ni hashab, ukipindia kulia ni talha. Kijana wa mizani akapanda boda boda na chupa ya sampuli. Afisa akaondoka bila kunywa chai yake.

Chakula cha mchana kilikuwa chapati na maharagwe, nikila nimesimama kibandani huku nikizungumza na wakala wa forodha. Kitu kidogo chake kilikuwa tarakimu moja tu. Gamu arabiki ina msimbo wake wa forodha, 1301.20, na ndio ulioandikwa katika hati zilizotoka Sudan. Kijana aliyejaza tamko letu aliandika 1301.90, ambao ni wa gundi na utomvu wa namna nyingine. Hati haziafikiani, mzigo hautoki, na siku za bure zikiisha huanza kuhesabiwa ada ya kuhifadhi pamoja na ada ya kontena, zote juu yangu. Nikaenda Embakasi mwenyewe. Mtu wa kwanza alinielekeza kwa wa pili, wa pili alikuwa ametoka, mtandao ukalala, ukaamka, ukalala tena, na mimi nimekaa kwenye benchi la chuma nikiwa na bahasha magotini. Niliacha kuangalia saa. Marekebisho yalikubaliwa jua likiwa limeinama, na mzigo utatoka kesho ikiwa hapatazuka kingine.

Lori la shea lilikuwa limenisubiri ghalani, dereva amelala chini yake. Siagi ya Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Katika joto la njiani huwa karibu mafuta matupu, na mfuniko uliolegea wa ndoo moja huwa umelowesha ndoo nne. Ile ngumu ya magharibi hupendwa na watengenezaji wa chokoleti, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 inawaruhusu kutia hadi asilimia 5 ya mafuta ya mimea kama hayo badala ya mafuta ya kakao. Hii yangu huenda kwa watengenezaji wa losheni na sabuni, ambao ulaini huo ndio wanaoutafuta. Nilifungua ndoo moja moja na kunusa, maana pua ndiyo hukutana kwanza na mafuta yaliyochacha, au yaliyobeba moshi kwa sababu kokwa zilikaangwa kupita kiasi. Mbili nilizitenga. Vibarua wakapakua zilizobaki wakiwa na hamu ya kurudi nyumbani kama mimi.

Matokeo ya maabara yaliingia nikiwa ndani ya matatu, tumekwama Barabara ya Jogoo: nyuzi 29 upande wa kushoto, hashab safi. Nikamtumia afisa ununuzi. Alijibu usiku, baada ya chakula, kwamba ameridhika na atachukua magunia yote, ila anaomba, kwa heshima, bei ya talha. Nimemwandikia kwamba bei zote mbili zipo kwenye ankara aliyonayo: mstari wa kwanza ni hashab, wa pili ni talha, achague mstari kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu yupo mteja wa Thika anayeyataka magunia hayo hayo.