Siku yangu wodi ya mahututi, Tanga: "Sista, hakuna sindano ya ubongo?"

Saa 11 alfajiri. Adhana ya Ngamiani imeniamsha. Chai ya rangi, maandazi mawili, bodaboda.

Saa 1:30 asubuhi. Nakabidhiwa zamu. Kitanda cha tatu ni mvuvi. Jana alianguka ufukweni, moyo ukasimama. Moyo umerudi, mwenyewe bado. Anapumuliwa na mashine.

Saa 3. Raundi. Oksijeni ya damu tuishike kati ya asilimia 94 na 98, wastani wa presha ya damu usishuke chini ya 65, sukari ipimwe mara kwa mara.

Saa 5. Joto 37.9. Hapo sasa! Ubongo uliokosa damu hauwezi homa. Parasetamoli kwenye mrija wa puani, shuka naondoa, kitambaa cha maji, feni. Jua la Tanga nalo halina huruma.

Saa 7 mchana, wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti hakuna sindano ya kulinda ubongo? Tutauza hata ngalawa."

Nikamkalisha. Damu ikisharudi madhara hayakomi. Seli huendelea kufa kwa saa na siku kadhaa, ndiyo maana wataalamu wakatafuta dawa ya kuziwahi. Thiopentali ilijaribiwa, majibu yakatoka 1986: patupu. Magnesiamu na dayazepamu, 2002: patupu. Hata kumpoza mgonjwa hadi nyuzi 33, tulikokuamini sana, utafiti wa 2021 wa watu zaidi ya 1,800 haukuona kunapunguza vifo kuliko kuzuia homa tu. Miaka hiyo sikumtajia. Nilimwambia tu: "Ngalawa msiuze, mama."

Saa 9. Shavu linachezacheza. Degedege. Nikamwita daktari, dawa ikaingia mshipani, likatulia. Mwana wa mvuvi aliyekuwa mlangoni akanikazia macho: si mlisema dawa hamna? Hii inazima degedege, kaka, ubongo uliokwishaumia haiuponyi.

Chakula nilikula saa 10, wali mbaazi uliopoa.

Saa 1:30 usiku. 37.3. Kama ataamka au la, hatusemi kabla ya saa 72 kupita. Yule kijana ananisubiri nje. Ndiye aliyemkandamiza baba yake kifua jana, tangu ufukweni hadi kwetu. Anauliza kama zile mbavu alizozisikia zikilia alizivunja yeye.

"Ndiyo, mbili," nikamwambia. "Ungeacha, leo nisingekuwa na wa kumpima joto."