Mtoto kafika 18, deni liko palepale

Kuna kina baba wa Kibongo huku Dallas wanahesabu siku mtoto atimize 18 kama mfungwa anayesubiri kutoka. Wanaamini siku hiyo ikifika hela ya matunzo ya mtoto waliyoamriwa na mahakama, hata ile ambayo hawakulipa, yote imefutika. Mzazi mwenzangu alikuwa mmojawapo. Kijana alipomaliza haiskuli akanitumia voisi WhatsApp, anacheka kabisa, "haya Mama J, tumemalizana."

Hatujamalizana baba. Kilichoisha ni makato mapya tu. Hapa Texas hela ya mtoto inaenda mpaka atimize 18 au amalize haiskuli, lolote litakalochelewa, lakini ile miezi aliyoruka kila mmoja uligeuka deni lenye nguvu sawa na hukumu ya mahakama siku ilipopita bila kulipwa, na hakimu hawezi kurudi nyuma akalipunguza, Marekani nzima iko hivyo tangu 1986. Halafu kuna riba, asilimia 6 kwa mwaka. Yeye anadaiwa dola elfu 14 na ushee, kwaiyo riba peke yake ni 840 na zaidi kila mwaka anaokaa anacheka kwenye voisi.

Nikaomba rekodi ya malipo ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, ndo wanaoshughulikia mambo haya. Safu moja inaonyesha alichotakiwa kulipa, ya pembeni alicholipa. Kuna mwaka ile ya pembeni ni 0.00 kuanzia Januari mpaka Disemba, na mwaka ule naukumbuka vizuri sana, nilikuwa napiga shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee na mtoto analala kwa jirani yangu Mkenya. Yeye anasema alitoa bwana, raba za basketi, simu, Cash App ya bethdei. Haya, ila hela ya mtoto inapitia kituo cha serikali San Antonio ndo inaandikwa, hizo nyingine zinahesabika zawadi. Ahsante kwa zawadi.

Sasa kina dada msikae nalo. Ukitaka ashtakiwe kwa kudharau amri ya mahakama, ile ya kumpeleka jela, una miaka 2 tu toka mtoto awe mtu mzima. Kuomba mahakama ithibitishe jumla ya deni una miaka 10. Ikishathibitishwa wanaweza kuendelea kumkata mshahara, wakashika rifandi yake ya kodi, wakaweka zuio kwenye gari. Na deni likizidi dola 2,500 hapati pasipoti ya Marekani. Hiyo ndo iliyomshika wangu, mdogo wake anaoa Moshi, kaenda kuomba pasipoti mpya ikagoma, ghafla namba yangu anayo!

Wazee nao wakapiga simu, "dada mtoto ameshakua, yaishe." Yaishe vipi wakati hela yenyewe nilishaitumia? Nilikopa, nikacheza upatu, nikalipa kodi ya nyumba kwa upande wake na wangu. Anayemdai ni mimi, sio mtoto. Hata kijana mwenyewe aliniambia mama achana naye, nikamwambia wewe mpende baba yako kama kawaida, hii ni mimi na yeye. Ila wazee siwashangai sana, kwetu mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokuja, mtoto wa nje ya ndoa alikuwa anapangiwa hela isiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Mia! Mtu kakulia humo ataona elfu 14 ni uonevu.

Juzi kaniomba nipokee elfu 5 mkononi tufunge. Nimemwambia atume San Antonio, yote au kidogokidogo.

Na nyie mlioelewana sebuleni bila amri ya mahakama, deni la nyuma la namna hii hamna, kwa sababu hakuna kilichoandikwa, hiyo kesi ni nyingine kabisa, muulizeni wakili mapema. Walio majimbo mengine msibebe hii miaka ya Texas, kila jimbo lina ya kwake.