Chini ya Mtini

Neno la juma: Yohana 1:48

Bwana Yesu alimwambia Nathanaeli kwamba alimwona alipokuwa chini ya mtini, wala Maandiko hayatuelezi alikuwa akifanya nini pale. Juma hili aya hiyo imenikumbusha mtini mwingine, ule wa Selasca, kando ya ziwa Maggiore nchini Italia, ambapo mwanahisabati Mjerumani Bernhard Riemann, kwa simulizi ya rafiki yake Richard Dedekind, alijilaza akiendelea na kazi yake siku moja kabla ya kufariki. Alifariki tarehe 20 Julai 1866 akiwa na miaka 39, kifua kikuu kikiwa kimemmaliza.

Alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, mzaliwa wa Breselenz, na mwaka 1846 alikwenda Göttingen kusomea teolojia ili amfuate baba yake katika utumishi. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye hisabati. Hakuhama kimyakimya, aliomba ruhusa, na mzee akamruhusu. Namheshimu sana mchungaji yule wa kijijini, mwenye watoto sita na mfuko mwembamba, kwa kutomfunga mwanawe madhabahuni.

Dedekind anasema kwamba kwa Riemann kiini cha dini kilikuwa kujihoji kila siku mbele za uso wa Mungu, na kwa maoni yangu tabia hiyo inaonekana hata katika hesabu zake. Mwaka 1859 aliandika makala fupi kuhusu namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 7 na 13, akitafuta namna ya kujua ziko ngapi chini ya kiwango fulani. Alipofika kwenye dai lililohitaji uthibitisho, aliandika waziwazi kwamba amejaribu kidogo bila kufanikiwa, na kwamba analiweka kando kwa sasa. Dai lile halijathibitishwa hadi leo. Ni wangapi kati yetu, tunapoandika taarifa ya usharika, tungeiacha sentensi kama hiyo isomwe na watu?

Saa yake ilipofika, mkewe Elise alimsalia Sala ya Bwana, kwa kuwa yeye hakuweza tena kusema. Yalipotajwa maneno "utusamehe deni zetu," aliinua macho juu. Elise akausikia mkono wake ukipoa kiganjani mwake, na baada ya pumzi chache akatulia.