Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kutafuta Chumba Naivasha Wakati wa Safari Rally

Mwezi wa Januari 2024 niliweka nafasi ya chumba katika gesti moja ya wastani mjini Naivasha, kwa bei ya shilingi 3,500 kwa usiku, nikatuma nusu ya fedha kwa M-Pesa na kupokea ujumbe wa shukrani. Sikuwa na habari ya magari. Ukoo wa mama ulikuwa umepanga kukutana Jumamosi ya Pasaka kumkumbuka babu, na kwa kuwa nyumba ya shangazi ina vyumba viwili tu, ambavyo hujaa wazee kabla sisi wengine hatujafika, niliona afadhali nijitegemee. Wiki mbili kabla ya safari, karani wa mapokezi alinipigia simu. "Kaka, pole sana," alianza, nami nikajua papo hapo kwamba pole hiyo ilikuwa na bei. Chumba changu sasa kilikuwa shilingi 12,000 kwa usiku, tena kwa sharti la kulala siku zisizopungua tatu na kulipa zote kabla ya kufika. Nikishindwa, wangenirudishia arbuni yangu. Nilimwuliza ni nani basi niliyeafikiana naye Januari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni Safari Rally, kaka."

Mbio hizo za magari zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi zilikuwa safari ya kweli: magari yalikata maelfu ya kilomita za vumbi na matope, na wageni walioyafuata walitawanyika katika miji mingi njiani. Baada ya 2002 ziliondolewa katika kalenda ya ubingwa wa dunia, zikarejea Juni 2021 zikiwa na sura nyingine kabisa. Siku hizi magari hukimbia vipande vifupi vilivyopangwa katika Bonde la Ufa, kama vile Kedong, Oserian, Loldia, Soysambu na Hell's Gate, na kila mara hurudi kwenye kituo kimoja cha matengenezo hapo Naivasha. Mabadiliko hayo, ambayo mashabiki wa zamani huyalalamikia kwa sababu zao za kimichezo, ndiyo yaliyozaa tatizo la vyumba, kwa maana umati uliokuwa ukigawanywa na barabara ndefu sasa unataka kulala kandokando ya ziwa moja, usiku uleule.

Mwaka ule kulikuwa na jambo la pili. Kuanzia 2021 hadi 2023 mbio zilifanyika Juni, lakini 2024 zilisogezwa hadi tarehe 28 hadi 31 Machi, yaani kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumapili ya Pasaka yenyewe. Naivasha iko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na hata pasipo gari lolote la mashindano, watu wa Nairobi huenda huko Pasaka kupanda mashua, kutazama viboko na kula samaki. Sikukuu mbili ziliwekwa katika kitanda kimoja.

Ukiingia kwenye hesabu yenyewe, utaona kwamba msukosuko huanza muda mrefu kabla ya shabiki wa kawaida kukumbuka kutafuta mahali pa kulala. Timu za Toyota, Hyundai na M-Sport haziji na dereva na msoma ramani peke yao. Huja na wahandisi, mafundi, wapishi na maofisa wa habari, na hufika siku kadhaa mapema kwa sababu madereva lazima wapite njia kwa mwendo wa polepole wakiandika maelezo yao. Kuna pia waandalizi, wasimamizi wa usalama, madaktari na waandishi wa habari. Wote hao huhitaji vyumba, na hufungiwa hoteli nzima nzima zilizoko kwenye barabara ya Moi South Lake. Kinachobaki ni makombo, na makombo hayo ndiyo yanayogombaniwa na vijana wanaokuja na matatu, familia zenye watoto, na watu kama mimi waliokuja kumwombea babu. Katika jiji kubwa umati wa namna hiyo humezwa na mitaa, lakini mji mdogo hauna pa kuumeza, na hakuna mwenye akili atakayejenga ghorofa nzima ili ijae siku nne kwa mwaka.

Chumba cha hoteli kina tabia ya maziwa mabichi: usiku ukipita bila mgeni, usiku huo umekwisha kuharibika na hauwezi kuuzwa kesho. Jirani wa shangazi anasimamia gesti yenye vyumba kumi na vinne, nami nilipomweleza hasira zangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akanionyesha daftari lake la Februari. Kulikuwa na wiki ambayo vyumba vitatu tu vilipata wageni. Mlinzi alilipwa, mfuaji shuka alilipwa, umeme haukujua kwamba hakuna mtu, na benki haikujua pia. "Hizi siku nne," aliniambia, "ndizo zinazolipa Februari." Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji huyu alikuwa na ugonjwa ulioandikwa kwa kalamu nyekundu kurasa nzima.

Ndiyo maana sitaki kuhesabiwa miongoni mwa wanaoita kila bei kubwa wizi. Anayetangaza mwezi wa Novemba kwamba chumba chake mwishoni mwa Machi kitakuwa shilingi 12,000 amefanya biashara. Nitaguna, nitahesabu mfuko wangu, na nitaamua kwenda au kukaa. Kinachonikera ni kupokea arbuni ya mtu kwa bei moja, kuikalia miezi miwili, kisha kuivunja ahadi wakati ambapo mtu huyo hana tena pa kukimbilia. Hapo kinachouzwa si uhaba wa vyumba, ni kuchelewa kwa mteja, na kuchelewa huko kumetengenezwa na muuzaji mwenyewe. Na ile hoja kwamba fedha zilirudishwa (zilirudishwa, baada ya siku tisa na simu nne) haina uzito, kwa sababu shilingi zilizonunua chumba Januari hazikuweza kununua hata godoro la veranda Machi.

Kule Augusta, katika jimbo la Georgia, ambako mashindano ya gofu ya Masters hufanyika kila Aprili, wenyeji wengi hukodisha nyumba zao na kuondoka mjini kwa wiki nzima, na sheria ya kodi ya Marekani humruhusu mtu kukodisha makazi yake kwa siku zisizozidi 14 kwa mwaka bila kulipia kodi mapato hayo. Sisemi tuige, ila ni njia mojawapo ya mji mdogo kuongeza vitanda bila kujenga, na faida humfikia hata asiyekuwa na hoteli.

Nalitaja hili kwa kuwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania, na baadhi ya viwanja vipya haviko katika majiji makubwa. Arusha imezoea wageni wa mbuga na ina vyumba vya kila aina. Hoima, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020 tu, imejengewa uwanja wa watu 20,000. Tena kandanda ni gumu kuliko mbio za magari kwa jambo moja: Naivasha hujua tarehe zake mapema, lakini shabiki wa soka hajui timu yake itacheza mji gani mpaka droo ya makundi ifanywe, na ikishafanywa wote hukimbilia simu zao saa ileile, huku programu za kuuza vyumba zikipandisha bei zenyewe kadiri watafutaji wanavyoongezeka. Wenye gesti wa Hoima wangefanya vyema kubandika bei zao ukutani sasa hivi, hata zikiwa chungu.

Mimi nililala kwa shangazi hatimaye, sebuleni, kati ya kabati la vyombo na binamu yangu anayekoroma. Chumba kimoja kati ya vile viwili kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na wazee walikuwa wamesongamana katika kile cha pili. Nilidhani hicho kilichofungwa kimejaa mizigo. Saa sita za usiku mlango uligongwa, wakaingia vijana watatu kutoka Nairobi wenye vumbi la Kedong hadi kwenye kope, wakamsalimia shangazi kwa heshima na kwenda moja kwa moja kulala. Asubuhi nilimwuliza amewatoza kiasi gani. Alinimiminia chai, akanitazama kana kwamba nimemwuliza umri wake, akasema, "Walilipa tangu Desemba, na bei sikuibadilisha."