Vidonge vya sonona, serotonini na unasihi: kwangu ilivyokwenda

Naandika kwa ajili ya aliyeandikiwa dawa za sonona (depression) akaziweka kwenye mkoba anaogopa kumeza. Mi nilianzishiwa fluoxetine ya mg 20 kila asubuhi, hapa hapa Dar, maana nilikuwa silali, moyo unaenda mbio bila sababu, hata kuoga naona kazi. Nyumbani shangazi alishasema nimetupiwa kitu, mama yeye ananisomea Zaburi huku analia.

Kilichonisaidia kwanza ni dokta kunielewesha. Akasema dawa inazuia serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, isirudi haraka kwenye seli ya ubongo iliyoitoa, na hiyo inaanza ndani ya masaa tu, ila nafuu yenyewe huja taratibu, wiki 2 hadi 4, wengine 6, kwa sababu ubongo nao unachukua muda kujipanga upya. Nikamuuliza kwa hiyo dokta mi nimepungukiwa serotonini? Akanambia mdogo wangu, hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha hivo, na kuna uchambuzi mkubwa wa tafiti ulitoka 2022 haukukuta ushahidi wa kueleweka kwamba sonona ni serotonini kuwa chache, lakini kichwa kikiuma tunameza panadol na hakuna anayesema mwili umepungukiwa panadol. Hapo nikatulia.

Wiki za mwanzo ni ngumu jamani, nisiwafiche. Kichefuchefu, usingizi ukakata zaidi, wasiwasi nao ukapanda kabla ya kushuka. Dokta alishamwambia dada yangu aniangalie kwa karibu hasa kipindi kile, nikianza kuongelea kufa anilete siku hiyo hiyo, tusisubiri tarehe ya kliniki. Kama we ni kijana chini ya miaka 25 hilo lichukulieni serious sana na ndugu zako.

Sasa dawa ilinipa usingizi na kifua kikaacha kuwaka, ila kwenye daladala bado nilikuwa sipandi, nikiona watu wamebanana naona nakata roho. Hiyo ilitibiwa na saikolojisti. Alinipa daftari, naandika wazo lililonijia, mfano "nitazimia humu nife", halafu pembeni ushahidi wa kwamba ni kweli na ushahidi wa kwamba sio. Njia hii inatokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa Marekani, miaka ya 60 huko. Baada ya daftari tukaenda kwa vitendo: nasimama tu kituoni, baadae napanda nashuka kituo kinachofuata, baadae mbele zaidi, na sheria yake ilikuwa nisishuke wakati woga uko juu, nikae mpaka upungue wenyewe. Na kweli unapungua! Ila bila zile dawa sidhani kama ningeweza hata kusimama pale kituoni, nilikuwa sina nguvu hiyo kabisa.

Sa hivi nina nafuu kubwa na bado nameza, dokta anasema ukipona unaendelea miezi kadhaa, isipungue 6, ndo isirudi. Usikate ghafla, kizunguzungu na hasira zake we acha tu, mwambie dokta mpunguze pamoja kidogo kidogo. Na kama unatumia tramadol au dawa za kienyeji mtajie zote, usione aibu, zingine zikikutana na hizi ni hatari.