Mpe mtoto jiwe, jina aache kwanza

Ukiwawekea watoto wa shule ya msingi mawe mezani wayatambue, wanakimbilia rangi. Jeusi, jeupe, hili jekundu jekundu. Shida ni kwamba rangi inadanganya sana, kwatsi, aina moja tu ya madini, inaweza kuwa nyeupe, ya waridi, zambarau, hata ya moshi moshi na bado ni kwatsi. Baada ya rangi ni uzito, na hapo huwa nacheka kimoyomoyo, mtu kashika jiwe kubwa mkono huu na kokoto mkono ule anakwambia hili zito kwa hiyo ni aina nyingine. Si ni kubwa jamani! Mpe yanayolingana ukubwa uone atakavyokunja uso.

Mi napenda zaidi kukwaruza. Chukua kwatsi nyeupe na kalisaiti nyeupe (madini mengine hayo), kwa haraka unaweza kusema mapacha, uwape na kipande cha kioo kinene (kingo zipigwe tepu, tafadhali). Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini (lenye namba kubwa linakwaruza lenye ndogo) kwatsi ni 7, kalisaiti 3, kioo cha kawaida kama 5.5 hivi. Sasa kalisaiti ikipita kwenye kioo inaacha mstari mweupe, darasa zima linapiga kelele limekwaruza, limekwaruza! Wewe nyamaza tu. Hakosekani wa kupitisha kidole pale, mstari unafutika, kumbe ni unga wa jiwe lenyewe na kioo kizima kabisa. Basi wanarudi wenyewe kufuta na ule wa kwatsi, haufutiki ng'o, ukucha unakwama kwenye mchirizi. Jina hawana bado, ila ushahidi wanao.

Ndo maana zile chati za picha na majina sipendi zitangulie, mtoto anaacha kuliangalia jiwe anaanza kutafuta linalofanana nalo. Bora umuulize tu, umejuaje? Akisema graniti kwa sababu chenga zake anaziona bila lenzi, muulize mbona za basalti hazionekani, hapo ndo mnaingia kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopoa taratibu chini ya ardhi chenga zikapata muda wa kukua, na lava iliyopoa chapchap juu zikabaki ndogo.

Pumisi sasa, jiwe la volkano, ndo balaa, linaelea kwenye maji na nusu ya darasa wanakataa kabisa kwamba ni jiwe. Kuna mmoja akasema lina matundu, labda ndani kuna hewa, tulipasue tuone. Nyundo ilikuwepo, miwani ya kukinga macho ipo, tukapasua.