Mwezi Ambao Baba Hakwenda Kibaigwa

Mnunuzi wa kwanza aliyekuja kukiangalia kiwanda cha Baba hakuuliza mashine zinasaga tani ngapi kwa siku. Alizunguka, akapiga chafya kwa vumbi la unga, akashika kiroba kimoja akakagua mshono wake, halafu akauliza, "Mzee akiugua wiki mbili, mahindi ananunua nani?"

"Siugui," Baba akasema, akacheka.

Mnunuzi naye akacheka, akamalizia soda yake, akaaga. Hatukumwona tena. Hiyo ilikuwa 2015, nami nilikuwa nimekuja Morogoro likizo kutoka Dar es Salaam, nilikokuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu. Mwaka uliofuata niliacha kazi nikarudi nyumbani kukiandaa kiwanda kiuzwe. Baba alikuwa na miaka 67, magoti yalishaanza kumsumbua, na sisi watoto wake hakuna aliyetaka kusaga. Alisema anataka kuuza angali na nguvu za kwenda benki kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa macho kilikuwa kiwanda kizuri: mashine mbili za kukoboa, vinu vitatu, ghala, mzani, Fuso moja, na sembe yenye jina huko Manzese na Tandale, Dar es Salaam. Kwenye makaratasi kilikuwa kitu kingine. Orodha ya mishahara ilikuwa na watu 22, na wawili kati yao sijapata kuwaona getini. Mmoja ni mtoto wa shangazi aliyekuwa akiishi Mbeya na kulipwa kwa simu kila tarehe 28. Wadeni walikuwa kwenye kauntabuku lenye jalada lililolegea, wengine wameandikwa kwa majina, wengine kwa alama anazozijua Baba peke yake. Kulikuwa na mdeni aliyeitwa "Yule wa Baiskeli". Alikuwa analipa vizuri sana.

Kilichonitoa jasho zaidi ni pumba. Gunia la kilo 100 likikobolewa sembe linatoa unga kilo sabini na kitu. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni pumba, na pumba ni pesa. Wafugaji wa kuku na ng'ombe hupanga foleni getini asubuhi, wanalipa taslimu. Kwetu pesa hiyo ilikuwa ya Mama tangu kiwanda kianze. Haikuingia kwenye kitabu chochote. Ndiyo iliyonilipia Chuo Kikuu Mzumbe, kwa hiyo sina mdomo wa kuisema vibaya. Lakini anayenunua biashara ya namna ile huanza na faida ya mwaka, aizidishe mara tatu, mara nne, kulingana na anavyoiamini. Nikamweleza Baba kwamba kila shilingi ya pumba inayopitia uani inamkosesha shilingi tatu au nne siku ya kuuza. Alinyamaza, akaomba kikokotoo, akapiga hesabu mwenyewe, akafuta, akapiga tena.

"Kwa hiyo mama yako amekula kiwanda?"

Mama alikuwa jikoni, akajibu huko huko, "Nimekula na nani?"

Kuziingiza vitabuni kulimaanisha kuzitolea risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na kuzilipia kodi, na hilo Baba alilimeza kwa shida. Alikubali nilipomwonyesha kwamba mnunuzi hatakubali hesabu za mwaka mmoja tu zilizopendeza ghafla. Atataka za miaka, zilizokaguliwa, na zinazofanana na zile zilizopelekwa TRA, mamlaka ya mapato. Mama tukamwajiri rasmi, msimamizi wa mauzo ya pumba, na michango yake ya pensheni NSSF asilimia 20 kama wengine, nusu yake na nusu ya mwajiri. Alikuwa wa kwanza kiwanda kizima kudai slipu ya mshahara.

Mengine yalichukua muda tu. Kampuni ilikuwa imeandikishwa na ndugu wawili, Baba na Baba Mdogo. Baba Mdogo alifariki 2009, ila kwenye kumbukumbu za BRELA, wasajili wa kampuni, alikuwa hai, mkurugenzi, mwenye hisa 20 kati ya 100. Hisa za marehemu haziuziki mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi hapatikani bila kikao cha ukoo, na ukoo wetu haukai kikao bila kwanza kugombana. Mama Mdogo, mjane wa Baba Mdogo, alikuwa Ifakara. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliuliza swali ambalo ofisini tungeliita la kitaalamu: "Hizo hisa zililipa nini miaka yote hii?" Gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, halikuwahi kutolewa. Baba alikuwa akiwalipia watoto wa Mama Mdogo ada, na moyoni aliona wamemalizana. Tukakubaliana kwamba ada ni wema na gawio ni deni, likaandikwa.

Kiwanja nacho kilikuwa na hati ya jina la Baba, siyo la kampuni. Wapo walioshauri akihamishe kiingie kwenye mauzo. Mimi nilipinga, na hadi leo naona nilikuwa sahihi: kiwanja kibaki chake, aipangishe kampuni kwa mkataba mrefu, apate kodi ya pango ya kula uzeeni. Gharama yake ni kwamba pango hilo lazima liingie vitabuni kama matumizi, kwa bei ya mtaa, kabla mnunuzi hajafika. Faida ikashuka. Baba akanitazama kama mtu aliyetumwa na maadui.

Halafu upepo ukageuka bila sisi kuusukuma. Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi ghafi kwenda nje, ikasema anayetaka kuuza nje asage kwanza. Wakulima waliumia, bei ilianguka, ila wenye vinu tukaanza kupigiwa simu na watu ambao zamani wasingetusalimia. Mapema 2018 ikaja kampuni moja ya Dar es Salaam inayosambaza vyakula. Walikuja na mhasibu wao, dada mwembamba mpole, aliyesoma kila karatasi mara mbili. Vibali vilikuwepo: TBS ya viwango, TFDA ya chakula na dawa, maana wakati huo vyakula vilikuwa bado chini ya TFDA, OSHA ya usalama kazini, zimamoto. Hesabu za miaka miwili zilikuwa zimekaguliwa. Wadeni walikuwa kwenye kompyuta, pamoja na Yule wa Baiskeli, ambaye tulimpata jina, namba ya simu na duka.

Dada yule akafunga faili, akasema kwa upole wake, "Mzee, mimi nimeridhika na vitabu. Bosi wangu anaomba kitu kimoja. Mwezi wa saba, msimu ukiwa umechanganya, usinunue mahindi. Wanunue vijana wako, sisi tutazame."

Lilikuwa swali lile lile la 2015, safari hii limevaa suti.

Ili kuelewa uzito wake lazima umwone Baba pale Kibaigwa. Soko la nafaka la Kibaigwa liko Kongwa, kwenye barabara kuu ya kwenda Dodoma ukishapita Gairo, na msimu wa mavuno malori hujipanga hadi ukakosa pa kuweka mguu. Baba alikuwa anaingia pale tangu soko linafunguliwa 2004. Alikuwa na bambo lake mwenyewe, la chuma, ncha imesagika kwa matumizi. Analichoma gunia ubavuni, punje zinateremka kiganjani, anazinusa, anatia mbili mdomoni upande wa magego ya kulia na kuziuma. Zikikatika kwa mlio, anatikisa kichwa kukubali. Zikiwa laini, anatema na kuondoka bila kusema bei. Tangu 2016, sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ilipoua watu Dodoma na Manyara, alikuwa mkali zaidi. Gunia lenye joto ndani hakuligusa hata la bure.

Kijana wetu wa manunuzi hakuwa na magego ya namna hiyo. Tulimnunulia kipima unyevu, tukamwandikia karatasi moja: juu ya asilimia 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki, usinunue, hata dalali akikuapia. Tukampa na bajeti, na mkataba mtupu wa kujaza. Baba tukamwomba abaki Morogoro na asipige simu Kibaigwa. Alikubali kwa sharti kwamba simu ikiingia atapokea, maana kukata simu ya mtu ni utovu wa adabu.

Ikaingia usiku wa pili. Tulikuwa tunakula. Dalali wake wa miaka yote, sauti kubwa kiasi kwamba sote tulisikia.

"Shikamoo Mzee. Kuna kijana huku ana kimashine, anasema ametumwa na kampuni. Kampuni gani?"

"Marahaba. Kampuni yangu."

"Sasa mbona anataka nisaini?"

Baba alinitazama. Nilikuwa nimeshika tonge, sikulitia mdomoni. Najua alichotaka kusema, kwa sababu amekisema miaka yote: mpakilie, nitakuja. Kwa maneno hayo mawili Fuso ilikuwa inatoka Kibaigwa imejaa bila shilingi kutolewa, na dalali analipwa unga ukishauzwa.

"Zungumza naye," Baba akasema. "Mimi sinunui mwezi huu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sinunui."

Akakata, akanawa, akaenda kukaa barazani.

Yule dalali hakumpakilia kijana kitu. Alitaka pesa yote mkononi. Kijana akahangaika, akakataa shehena moja iliyosoma 15.2, akatukanwa, akakataa nyingine. Fuso ya kwanza ilichelewa na akiba ya ghala ikashuka hadi wafanyakazi wakaanza kuulizana. Vinu havikusimama, lakini nilihesabu magunia kila jioni kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo. Mwishowe kijana alipata madalali wengine wawili waliokubali kusaini: nusu ya pesa wakati wa kupakia, kupitia benki, nusu iliyobaki ndani ya siku saba. Mahindi yakaingia, makavu, yana karatasi. Katikati ya mwezi tulikuwa tunasaga kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho miaka yote ya ukaguzi haikunionyesha. Nilichukua kauntabuku la zamani nikajumlisha mahindi yote ambayo Baba alikuwa ameyachukua kwa neno, kwa wakati wowote wa msimu: wastani wa shilingi milioni 41. Hazikuwa kwenye mizania kama mkopo wa mtu, hazikuwa na riba wala dhamana. Kiwanda kilikuwa kinaendeshwa kwa mtaji wa madalali waliomwamini mtu mmoja. Akiondoka yeye, milioni hizo zinaondoka naye, na mwenye kiwanda mpya itabidi azitafute benki kwa riba.

Dada mhasibu naye aliliona. Alikuja mwisho wa mwezi na karatasi yake, nami nikiwa na yangu, na tarakimu zetu zilikuwa zimekaribiana sana hivi kwamba tulicheka wote wawili. Tuliacha kucheka aliposema bosi wake anataka kukata kiasi hicho chote kwenye bei.

Nilibishana naye siku nzima. Hoja yangu ilikuwa kwamba mwezi wa saba umethibitisha kiwanda kinaendelea hata bila Baba. Kinapungukiwa mtaji tu, na nusu ya pengo imeshazibwa na mikataba ya kijana. Hoja yake ilikuwa kwamba nusu nyingine haijazibwa. Baba, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, ndiye aliyetoa njia: yeye abaki mshauri wa manunuzi miaka miwili, awapeleke kwa madalali wake mmoja mmoja, awatambulishe, na sehemu ya bei izuiwe mpaka madalali hao watakapokuwa wanamkopesha mwenye kampuni mpya. Wasipomkopesha, sehemu hiyo ipotee.

"Mzee, una uhakika watakubali?" dada aliuliza.

"Mimi nilipoanza hawakuwa wananijua."

Bei ilikatwa kidogo, siyo milioni 41. Hisa zikauzwa zote, za Baba na za Mama Mdogo, TRA wakachukua asilimia 10 ya faida ya mauzo yale, BRELA wakabadilisha majina. Siku ya kusaini tulikuwa ofisini kwa mwanasheria wa wanunuzi, Kariakoo, feni inageuka polepole. Mama alikuwa amekuja kusaini ridhaa ya mwenza kwenye mkataba wa pango. Alishika kalamu, akaiweka chini.

"Na pumba?"

Mwanasheria akamweleza kwa heshima kwamba pumba ni mali ya kampuni.

"Najua ni mali ya kampuni, mwanangu. Mimi ndiye nilikuwa nazitolea risiti. Nauliza kuku wangu watauziwa bei gani."

Wakatazamana. Simu ikapigwa kwa bosi. Kikaongezwa kipengele kwa kalamu, pembeni, kila mtu akatia saini ndogo: kampuni itamuuzia magunia kumi kila wiki, kwa bei ya getini ya siku hiyo, kabla ya mteja mwingine yeyote. Mwanasheria akakisoma kwa sauti. Mama akasikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Bei hiyo ni pamoja na gunia?"

"Gunia utarudisha, mama."

Akafikiri, akasaini.